Baba Anapobaki na Watoto

Hotuba iliyotolewa na muuguzi wa idara ya afya ya kaunti kwa kina baba wenye watoto wadogo, siku ya kliniki, katika zahanati moja ya Kaunti Ndogo ya Kinango. Tunaichapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuweza kufika.

 

Nimeambiwa nisizidishe saa moja kwa sababu wengine wenu mna mbuzi wanaosubiri kupelekwa mnadani. Nitajitahidi.

Nianze na jambo ambalo kila mmoja hapa analijua, ingawa hatulitaji kwenye mikutano. Katika vijiji vyetu, kuanzia hapa Kinango mpaka Samburu na Mackinnon Road, kuna nyumba ambazo mama hayupo. Hakufariki, wala hawakuachana. Amekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, Saudia au Qatar au Oman, kwa mkataba ambao mara nyingi ni wa miaka 2. Pesa zinakuja kwa simu, mabati yanapanda juu, ada ya wakubwa inalipwa. Na huku nyumbani amebaki baba na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye juzi tu alikuwa ananyonya.

Baba huyo haji kwenye mikutano yetu, kwa sababu kwa miaka mingi mikutano hii imeitwa ya kina mama. Akija kliniki anakuta benchi limejaa wanawake, anasimama mlangoni kama mtu aliyepotea njia, na mara nyingine hata sisi wahudumu tunamwuliza, "Mama yake yuko wapi?" kabla hatujamwuliza mtoto anaumwa nini. Hilo tumelizungumza sisi kwa sisi na tumekubaliana likome. Baba akileta mtoto, huyo ndiye mzazi aliyeleta mtoto. Aketi kwenye benchi kama wengine.

Kwa hiyo leo nasema hasa na baba huyo. Lakini wewe ambaye mke wako yuko nyumbani, na unafanya kazi Mombasa au kwenye hoteli za Diani na kurudi mwisho wa mwezi, usisinzie. Mengi yanakuhusu.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na kwamba wajibu wa mama na baba ni sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imeeleza jambo hilohilo kwa urefu. Nalitaja kwa sababu nasikia wanaume wakisema, "Mimi humsaidia mke wangu kulea." Mtu akilima shamba lake mwenyewe hasemi anasaidia kulima. Na kwa mlioajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa baba likizo ya wiki 2 kwa mshahara kamili mkewe anapojifungua. Mwandikie mwajiri mapema, kwa maandishi, usingoje mpaka uchungu uanze ndipo upige simu ukiwa kwenye matatu.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Mimi si kazi yangu kumwambia mtu aende Uarabuni au asiende. Njaa ya Kinango mnaijua kuliko mimi, na miaka ya ukame mliiona. Ninachoomba ni kwamba, mkishakata shauri, mje kliniki wote wawili na mtoto kabla tikiti haijatoka. Wengi wetu hushughulikia pasipoti, vipimo vya safari na pesa za ajenti, lakini habari za mtoto huamuliwa usiku wa mwisho, mama anapomtoa kifuani na kumkabidhi bibi.

Mtoto akiwa chini ya miezi 6, tafadhali ahirisheni kama kuna njia yoyote. Mpaka umri huo chakula chake ni maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila uji, bila asali. Maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi hayamfai. Ikiwa hakuna njia, basi njooni hapa kwanza tuwaeleze maziwa ya kopo yanavyochanganywa na yanavyogharimu, maana kopo hizo ni ghali na nimeona watu wakizidisha maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mtoto anashiba maji, anakonda huku tumbo limejaa. Na msitumie chupa ya chuchu. Kikombe na kijiko husafishika. Chuchu ina kona ambazo sabuni haifiki, na kuhara huanzia humo.

Akiwa amepita miezi 6, msimwachishe ziwa kwa siku moja. Najua desturi ya kupaka shubiri au pilipili. Inafanya kazi, lakini mtoto anapoteza maziwa, na baada ya siku 3 anapoteza na mama mwenyewe. Anaona amefukuzwa mara mbili. Punguzeni kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo baba ndiye awe anamlisha, anamwogesha na kumlaza, mama akiwa bado yupo. Ili mama akiondoka, mkono unaomlisha uwe ni ule aliouzoea.

Kabla hajaondoka pia, kuna karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Aliyezaliwa hospitali hupewa taarifa ya kuzaliwa palepale; aliyezaliwa nyumbani, naibu wa chifu aliyeketi hapa ndiye wa kuandikisha, na ni vizuri iwe ndani ya miezi 6 kwa sababu baada ya hapo huhesabiwa umechelewa na mlolongo unakuwa mrefu. Nakala ya kitambulisho cha mama ibaki nyumbani. Na mtoto aandikishwe kwenye bima ya afya ya SHA chini ya mzazi ambaye yuko nchini; unaweza kuanza kwa simu yako, *147#. Nimeona baba akizunguka ofisi na mtoto mgongoni akitafuta nambari ya kitambulisho cha mtu aliye Riyadh, ambaye simu yake inashikwa na tajiri wake mpaka Ijumaa.

Cha mwisho katika karatasi ni kijitabu cha kliniki, kile cha Afya ya Mama na Mtoto. Kisifungiwe sandukuni kwa mama mkwe. Kiwe mahali unapoweza kukipata saa nane za usiku. Ndani yake kuna tarehe za chanjo. Mtoto huanza siku ya kuzaliwa na chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio, kisha wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Baada ya hapo ndipo watu hupotea. Surua na rubela ni miezi 9, na hurudiwa miezi 18. Ile ya miezi 18 ndiyo watu huikosa sana, kwa sababu mtoto anakimbia, ana meno, na mzazi anaona kazi imekwisha. Kuna vitamini A kuanzia miezi 6, kila miezi 6 mpaka afike miaka 5, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Chanjo hizi hazilipiwi. Anayekudai pesa za chanjo ya kawaida katika zahanati ya umma, njoo uniambie mimi.

Chakula. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kina baba wengi wanaponiambia, "Daktari, mimi najua kusonga sima tu." Vizuri, sima ni mwanzo. Tatizo letu ni uji mwepesi. Uji wa mtoto ukiuteka kwa kijiko na kukiinamisha, usimwagike kama chai; ukae kwenye kijiko. Kisha kila mlo uongeze kitu: yai, dagaa waliosagwa, kunde au pojo zilizopondwa, mchicha au kisamvu kilichokatwa laini, tui la nazi kijiko kimoja. Embe na papai mnazo, mpondee. Huna haja ya kununua unga wa pakiti wenye picha ya mtoto mnene. Unga wa mahindi na wimbi unaosagiwa hapahapa kwenye posho mili unatosha, lakini msichanganye nafaka kumi na njugu na dagaa vyote kwenye gunia moja la miezi mitatu. Huo unaoza haraka na mtoto hawezi kuumeng'enya vizuri.

Mtoto wa mwaka mmoja na zaidi ambaye hanyonyi anahitaji kula mara 4 au 5 kwa siku, kidogo kidogo. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Ukimpa asubuhi na jioni, kama wewe unavyokula, atakonda mbele ya sufuria iliyojaa. Apewe sahani yake mwenyewe. Akila sinia moja na ndugu zake wa miaka 7 na 9, hutajua amepata nini, nami nakuambia hakupata. Na maziwa, ya ng'ombe au ya mbuzi, yachemshwe kwanza.

Ukitaka kujua kama anaendelea vizuri, kuna mkanda mdogo wa kupima mkono, wa rangi tatu. Mhudumu wa afya ya jamii anao na atakupimia nyumbani. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, rangi ya kijani, yaani sentimita 12.5 na zaidi, ni sawa. Njano ni onyo. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni kuja hapa siku hiyohiyo, si Jumatatu ijayo.

Sasa nafika kwenye jambo linaloninyima usingizi katika kazi hii, nalo ni kuchelewa. Mtoto anaanza homa jioni. Bibi anasema tumngoje baba. Baba yuko Mariakani na pikipiki, simu haina chaji. Anafika usiku, anasema tusubiri asubuhi, labda ni meno. Asubuhi wanatafuta nauli. Saa tano wanafika hapa na mtoto hana nguvu ya kulia. Katika mlolongo huo hakuna hata mmoja asiyempenda mtoto. Kila mmoja alikuwa anangoja ruhusa ya mwingine.

Kwa hiyo ukirudi nyumbani leo, mwambie anayekaa na mtoto, awe mke, bibi, shangazi au binti wa kazi: "Ukiona dalili hizi, usinipigie kwanza kuniuliza. Nenda. Nipigie ukiwa njiani." Na uache nauli mahali panapojulikana, hata kama ni mia tatu kwenye kopo la majani ya chai, na isiguswe kwa chumvi wala vocha. Panga na mtu mmoja wa bodaboda unayemwamini, akubali kubeba usiku na kulipwa kesho.

Dalili zenyewe ni hizi. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila anachomeza. Amepata degedege. Amelegea, hazinduki vizuri, hataki kukutazama. Mojawapo tu inatosha. Usikae kuhesabu ya pili. Degedege si pepo wala ndege, wazee wangu mniwie radhi, na kumfukiza moshi kunamziba pumzi. Mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, mlete.

Pia tazama kifua. Mvue shati akiwa ametulia, hesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima kwa saa ya simu yako. Mtoto wa miezi 2 mpaka 12 akifika mara 50 na zaidi, au wa mwaka 1 mpaka miaka 5 akifika 40 na zaidi, hiyo huenda ni nimonia. Chini ya mbavu pakibonyea ndani kila anapovuta pumzi, ondoka sasa hivi. Kuhesabu huku hakuhitaji digrii. Kina baba wanakufanya vizuri sana, labda kwa sababu ya kuhesabu mbuzi.

Akihara, anza nyumbani kumpa pakiti ya ORS iliyochanganywa na lita au nusu lita kama pakiti inavyosema, kwa maji safi, kijiko baada ya kijiko, kisha uje upewe zinki ya siku 10 mpaka 14. Kuhara kukikoma siku ya tatu, zinki iendelee. Akiendelea kuhara usimnyime chakula. Na homa isitibiwe kwa kukisia. Tunampima malaria kwanza, ni tone la damu kidoleni. Alale ndani ya neti ya dawa. Neti ile si ya kuzungushia miche ya sukumawiki, nasema hivi nikiwa nimeyaona mashamba nilipokuja.

Nani anakaa na mtoto ukiwa kazini? Hapa nitasema polepole. Mtoto wa miaka 3 hawezi kulelewa na wa miaka 8. Wote wawili ni watoto, na yule wa miaka 8 anatakiwa awe shuleni. Akifika miaka 4 anaweza kuingia chekechea, na chekechea ni jukumu la serikali ya kaunti, kwa hiyo ulizia iliyo karibu nawe. Kabla ya hapo chagua mtu mmoja, mjue, na umtembelee bila kuaga. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Ndoo za maji zifunikwe, mtoto anayetambaa huzama kwenye maji ya kiganja. Na mfundishe mtoto, wa kike na wa kiume, majina ya mwili wake bila aibu, na kwamba hakuna siri ya mtu mzima ambayo baba haambiwi. Kukitokea jambo, usimwogeshe, usifue nguo, usikubali kikao cha wazee cha kulipana mbuzi. Mlete hospitali kabla ya saa 72, kwa sababu kuna dawa za kinga ambazo baada ya hapo hazifai tena. Simu ya watoto ni 116, haina malipo, usiku na mchana.

Kuna na hili la kuzungumza na mtoto. Mtoto mdogo hujifunza maneno kutoka kwa mtu anayemtazama usoni. Ukiwa unamenya muhogo mwambie unamenya muhogo. Akisema "ba", mjibu. Mama akipiga simu ya video, mwache mtoto amwone, hata kama atalia baadaye. Baadhi yenu huificha simu ili asilie. Kulia kwake ni kumkumbuka mama yake. Asipolia tena ndipo uwe na wasiwasi. Na msimwambie mama, "Mtoto hajambo," kila siku. Mwambieni alichokula, neno jipya, jino lililotoka. Yuko kwenye nyumba ya watu, analea watoto wa wengine. Anahitaji habari za wake.

Na wewe mwenyewe, ndugu yangu. Watakucheka. Watasema umekaliwa, watasema umelishwa limbwata, kwamba mwanaume mzima anafua nguo za mtoto kisimani. Wengine wanaanza kukwepa kisima, wanafua usiku. Kisha wanaanza kukaa mangweni mpaka saa nne, kwa sababu huko hakuna anayeuliza habari za nyumbani. Sisemi haya kwa dharau. Kulala saa sita na kuamka saa tisa na mtoto anayelia, miezi 8 mfululizo, ukiwa peke yako, kunaweza kumvunja mtu. Ukijiona hulali hata mtoto anapolala, unamkasirikia kwa kitu kidogo, unafikiri afadhali usingekuwepo, njoo. Hapa tunatibu na hilo. Na ukihisi mkono wako unataka kumtikisa mtoto anyamaze, mweke chini kwenye mkeka, toka nje, vuta pumzi. Ubongo wa mtoto mchanga hauvumilii kutikiswa hata sekunde chache.

Nimeona mikono miwili. Mzee wangu ameuliza kama baba anaweza kubeba kifuani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kama mama anavyofanya hospitalini. Anaweza. Joto la kifua chako ni lilelile, ngozi kwa ngozi, kitambaa kikiwafunga wote wawili. Mama akienda kuoga au kulala, wewe unapokea.

Kaka huyu wa nyuma anauliza afanyeje, mke alimwachia mtoto mama yake mzazi, na yeye baba anaambiwa atume pesa tu. Mwende bibi na uongee naye kwa adabu, usiende kudai. Ulizia siku ya kliniki, useme wewe ndiye utakayempeleka. Bibi wa miaka 65 hatakataa kupumzishwa safari ya kilomita 6 na mtoto mgongoni. Baada ya kliniki tatu au nne, mtoto atakuwa amekujua, na mazungumzo mengine yatakuwa mepesi.

Nadhani saa moja imekwisha, naona mwenye mbuzi amesimama. Mizani iko chini ya mwembe, mwenye kijitabu akitoe. Asiyekuwa nacho aje kwangu tumwandikie kingine. Mliokuja bila watoto, Alhamisi ijayo ni siku ya kliniki tena, kuanzia saa mbili asubuhi, na benchi la kwanza tumewawekea nyinyi.